Tarehe Kumi na Tisa

Nimezikuta ndani ya mkebe wa biskuti:
karatasi za kalenda ya kuchana,
zote za siku moja, kumi na tisa Septemba,
zimefungwa kwa kamba ya furushi la posta.
Miaka thelathini na minne ya baba,
mpeperusha bendera wa stesheni ya Tabora,
haifikii unene wa mkate.

Hakuwa msomi. Alijua saa.
Alijua treni ya Kigoma ikikohoa Usoke
kabla mbwa hawajajua.
Na kila mwaka, siku hii, aliichana karatasi,
akaigeuza, akailamba penseli ya wino,
akaandika.

*1916. Wajerumani wametoka usiku.
Wabelgiji wameingia mchana.*
Hakuwepo. Aliyekuwepo ni mama yake, Nyanzala,
binti wa miaka kama kumi, mchi mkononi.
Hakukumbuka jeshi. Alikumbuka karakana ya reli,
siku zile ikigonga, ikigonga,
maganda ya mizinga yakigeuka sarafu,
kisha asubuhi moja nyundo kimya.
Wenzake walisema: vita vimetuacha.
Yeye alisema: nyundo imechoka.
Hela moja aliitoboa, akaivaa shingoni
mpaka ngozi ikawa kijani.
Nasi hadi leo sokoni, *una hela?*
*sina hela*,
tunalitafuna neno kama njugu
bila kuuliza liliokotwa wapi.

Karatasi nyingine, redio imempa habari ya zamani:
*1893. Wanawake wa Nyuzilandi wamepewa kura.*
Chini yake, kwa herufi ndogo:
*Mama anacheka. Anauliza, walipewa na mwenye nayo?*

Nyingine:
*1985. Meksiko imetetemeka. Maelfu wamefukiwa.
Nimeuza madebe mawili ya asali, bei nzuri.
Naona haya kuyaandika pamoja.*
Lakini aliyaandika pamoja.

Kisha ile ya sabini na tisa.
Haina vita, haina nchi.
*Treni ya Kigoma imeondoka saa mbili na dakika arobaini.
Imechelewa dakika kumi.*
Basi.
Hakuandika kwamba mama alikuwa behewa la tatu,
sanduku la bati magotini, uso umegeukia porini.
Hakuandika kwamba mimi nilimshika shati.
Bendera ya kijani ilikuwa zamu yake;
mkono uliomruhusu aende
ulikuwa ule ule uliomvisha pete.
Dakika kumi zile, sasa najiuliza,
ni injini iliyochelewa, au ni yeye?

Baba hayupo. Tarehe haikumfuata.
Elfu mbili na kumi na saba, Meksiko tena,
siku ile ile, watu wakiwa wametoka tu
kufanya mazoezi ya kujiokoa.
Ishirini na mbili, mara ya tatu.
Jirani yangu Mwanamvita akashika kiuno:
"Siku hiyo ina kisirani, ichomeni!"
Nikamjibu kama mtoto wa reli:
siku ni behewa, dada.
Abiria hawajuani, wanakanyagana vidole,
kila mmoja na stesheni yake.
Nilijibu vizuri. Usiku sikulala.
Nilizihesabu tena, moja moja,
kama mtu anayetafuta tiketi mfukoni
huku mkaguzi amesimama.

Leo ni kumi na tisa.
Kalenda ya chama cha tumbaku haichaniki,
nimeikata kwa mkasi.
Vumbi la Isevya limeingia hadi kwenye chumvi;
huko nje ya mji miombo imeota majani mekundu
bila tone la mvua, kwa imani tu.
Nimeilamba penseli. Imebaki kama kidole cha mwisho.

*Maji yamekatika tangu alfajiri.
Matobolwa yamekauka vizuri juu ya bati.
Mama amepiga simu kutoka Uvinza.
Hakuwa na shida yoyote.
Ameuliza tu, leo tarehe ngapi.*